Tovuti inapokwama, anza uchunguzi kwa karani wa mlangoni

MWANAFUNZI aliyeketi katika duka la intaneti mjini Meru siku ya mwisho ya kujisajili kwa muhula huwa na swali moja tu: mbona tovuti ya chuo haifunguki? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba “mtandao umekwama.” Jibu hilo halimsaidii yeye wala fundi. Kati ya kompyuta anayoitumia na seva inayohifadhi jina lake kuna vituo kadhaa, na kila kituo hukwama kwa namna yake.

Kimoja kati ya vituo hivyo huleta utata kuliko vingine kwa sababu mtumiaji hakioni. Hii ni seva inayokaa mbele ya seva nyingine zote, ikipokea mawasiliano yaliyosimbwa ili yasisomwe njiani, kisha kuyagawa kwa seva zinazohusika. Wataalamu huiita proksi ya kinyume. Katika makala haya tutaiita seva ya mbele.

Karani na bahasha

Ili kuielewa kazi yake, tukumbuke siku ambazo mji wa Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, kabla ya mfumo wa kaunti kuanza mwaka 2013. Fikiria barua inayotoka Meru, Isiolo au Marsabit ikifika Embu kwa anwani moja. Mwandishi wa barua hakuhitaji kujua mlango wa kila ofisi. Karani wa mapokezi ndiye aliyejua ipi ni ya elimu, ipi ya kilimo na ipi ya ardhi.

Seva ya mbele ni karani huyo. Taasisi, iwe chuo kikuu, hospitali au serikali ya kaunti, huwa na tovuti kadhaa: ya malipo, ya maktaba, ya masomo na ya matangazo. Kuipa kila tovuti nambari yake ya anwani katika intaneti si rahisi. Mfumo wa zamani wa anwani hizo, IPv4, una nambari zipatazo bilioni 4.3 pekee. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, nayo AFRINIC, inayohudumia Afrika, ikaingia awamu ya mwisho ya kugawa masalio yake Januari 2020. Kwa hivyo tovuti nyingi hutumia anwani moja, na seva ya mbele husimama mlangoni. Miongoni mwa programu zinazofanya kazi hiyo ni Nginx, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004 na Mrusi Igor Sysoev, na HAProxy, iliyoanzishwa na Mfaransa Willy Tarreau.

Karani huyu anaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza, anaifungua bahasha mwenyewe, anasoma yaliyomo na kuyapeleka ndani. Katika njia hii, cheti cha usalama na ufunguo wa siri hukaa kwake. Ya pili, haifungui bahasha kamwe. Anasoma tu jina la tovuti lililoandikwa juu yake, kwa utaratibu uitwao SNI uliowekewa kanuni mwaka 2003, kisha anaipitisha ikiwa bado imefungwa. Hapa cheti hukaa kwa seva ya nyuma.

Fundi asiyejua ni njia gani inayotumika katika taasisi yake atatafuta cheti mahali kisipo, na atapoteza siku nzima.

Tenganisha barabara na mlango

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba barabara yenyewe ni nzima. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kobe kote Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hakuna haja ya kumlaumu karani. Jaribu tovuti nyingine, kisha jaribu ile ile kwa simu inayotumia kampuni tofauti ya mawasiliano. Zote zikikataa, barabara ndiyo mbovu. Ikikataa moja tu, njoo mlangoni.

Mlangoni kuna maswali mawili. Je, jina la tovuti linaelekeza kwenye anwani sahihi? Na je, mlango nambari 443, unaotumiwa na mawasiliano yaliyosimbwa, unaitika? Jina likielekeza kwenye anwani ya zamani baada ya seva kuhamishwa, mteja atakuwa anabisha nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama.

Cheti hakidanganyi

Mlango ukiitika lakini kivinjari kikatoa onyo, soma onyo lenyewe kabla ya kufanya lolote. Mara nyingi huwa na sababu moja kati ya nne.

Sababu ya kwanza ni cheti kuisha muda. Vyeti vinavyotolewa bila malipo na Let’s Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na mashirika yanayosimamia vyeti yalikubaliana Aprili 2025 kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti cha umma kitakachodumu zaidi ya siku 47. Kuhuisha kwa mkono kutakuwa mateso. Lakini hata penye mtambo wa kuhuisha, kuna mtego: cheti kipya kimeletwa na kuhifadhiwa, ila seva ya mbele bado inaonyesha cha zamani kwa kuwa haijaamriwa kukisoma upya. Fundi anatazama faili na kuona tarehe nzuri, ilhali mteja anaonyeshwa tarehe iliyopita. Dawa ni kukikagua cheti kutoka nje, kama anavyokiona mteja, kwa programu kama openssl.

Sababu ya pili ni jina. Cheti cha tovuti ya maktaba hakiwezi kuitumikia tovuti ya malipo ikiwa jina la tovuti ya malipo halimo ndani yake.

Ya tatu ni mnyororo uliokatika. Cheti cha tovuti huthibitishwa na cheti cha kati, nacho hicho huthibitishwa na cheti cha shina kilichomo ndani ya simu au kompyuta. Seva ikisahau kutuma cha kati, vivinjari vingine hujaza pengo hilo vyenyewe na vingine hukataa. Hapo ndipo unaposikia kwamba tovuti inafunguka ofisini lakini si kwa simu za wateja. Vilevile, cheti cha shina chenyewe huisha. Kimoja kilichotegemewa sana na vyeti vya Let’s Encrypt kiliisha Septemba 30, 2021, na vifaa vingi vya zamani kote duniani vikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa lolote.

Ya nne haiko kwa seva hata kidogo. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa. Kwa kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2009, kila cheti cha leo ni cha siku zijazo. Rekebisha saa kwanza.

Nambari zina maana

Cheti kikiwa sawa, huenda mteja akaona ukurasa mweupe wenye nambari. Hizi zinapaswa kunakiliwa, kwani zinaonyesha ni nani anayezungumza. Zikitoka kwa seva ya mbele, nambari 502 humaanisha karani alikwenda chumbani akakuta mlango umefungwa au akapewa jibu lisiloeleweka. Nambari 504 humaanisha alingoja jibu hadi muda ukaisha. Katika Nginx muda huo kwa kawaida ni sekunde 60. Nambari 503 mara nyingi humaanisha hakuna seva ya nyuma iliyo tayari kupokea kazi.

Katika hali hizo tatu karani mwenyewe yu hai, maana ndiye aliyekujibu. Kumzima na kumwasha tena hakutasaidia. Fundi aiulize seva ya nyuma moja kwa moja, akiwa ndani ya mtandao wa taasisi, bila kupitia mbele. Ikimjibu vizuri, kosa liko katika maelezo aliyopewa karani: anwani, mlango au jina. Isipojibu, kosa liko chumbani. Jaribio hili moja hugawa tatizo katika nusu mbili, na linafaa kutangulia mengine yote.

Kuna kosa la jina ambalo huwahangaisha wengi pale mawasiliano ya ndani nayo yamesimbwa. Seva ya nyuma huhitaji kuambiwa jina la tovuti inayotakiwa ili itoe cheti kinachofaa. Katika Nginx, kwa kawaida jina hilo halipelekwi ndani hadi fundi aamuru hivyo. Matokeo yake ni 502 ilhali kila seva, ikipimwa peke yake, ni nzima.

Dalili nyingine zina maelezo yake. Mteja akifungua maktaba na kukutana na tovuti ya karo, karani hakulitambua jina lililotajwa akampeleka chumba cha kwanza alichokijua. Kivinjari kikilalamika kwamba kinazungushwa bila mwisho, seva ya nyuma haijaambiwa kwamba mteja alikuja kwa njia iliyosimbwa. Kila mara inamrudisha kwenye njia hiyo, naye kila mara anakuja nayo. Na wanafunzi wote wakifungiwa kwa pamoja baada ya mmoja wao kukosea nywila mara nyingi, seva ya nyuma inaona anwani ya karani pekee na kudhani watu wote ni mtu mmoja. Katika hali hizi mbili za mwisho, karani hana budi kuandika juu ya barua ni nani aliyeileta na kwa njia gani, nayo seva ya nyuma iamini maandishi hayo yakitoka kwa karani pekee.

Tatizo linalokuja na kwenda ndilo gumu zaidi. Penye seva tatu zinazogawana kazi, moja ikiugua, takribani ombi moja kati ya matatu litashindwa. Mteja akijaribu tena atafaulu, na fundi ataambiwa “imejirekebisha.” Haijajirekebisha. Madaftari ya kumbukumbu ya seva ya mbele yataonyesha kwamba makosa yote yanatoka chumba kimoja.

Msongamano na njia ya mkato

Mlango mmoja una hatari yake. Julai 2023, huduma za eCitizen zilivurugwa, na aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, Bw Eliud Owalo, alieleza kwamba wavamizi walijaribu kuusonga mfumo kwa maombi mengi kupita kiasi. Serikali ililazimika kuwapa baadhi ya wageni viza walipowasili nchini. Mfumo ukisongwa hivyo, hata seva za nyuma zikiwa nzima, mwananchi aliye Runyenjes au Maua haoni tofauti: kwake, huduma haipo.

Mambo yakiwa mabaya, kuna vishawishi viwili. Wa kwanza ni fundi kuzima ukaguzi wa vyeti ili kazi iendelee. Wa pili ni afisa wa mapokezi kuwaambia wateja wapuuze onyo na kubonyeza “endelea.” Vyote viwili vinafundisha jambo la hatari. Mwananchi aliyezoea kupuuza onyo la tovuti ya taasisi yake atalipuuza pia siku tapeli atakapoweka tovuti bandia na kumwomba nambari ya kitambulisho na pesa. Tena, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo.

Kwa mteja, ripoti yenye manufaa ina mambo manne: saa, jina kamili la tovuti, nambari au maneno ya onyo, na kampuni ya mtandao aliyoitumia. Kwa taasisi, yapo mawili ya ziada. Tarehe ya mwisho ya kila cheti iwekewe kengele wiki kadhaa mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pale madaftari yanapothibitisha kwamba mlango ulifungwa kwa upande wake siku ya mwisho ya usajili, iongeze muda. Mwanafunzi aliyefika kwa wakati akakuta karani hayupo hakuchelewa.