Uzito wa Mwili, Kukoma kwa Hedhi na Saratani ya Matiti

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mama aliyekoma hedhi huhesabiwa kuwa amekwisha kuepukana na maradhi ya kike. Akinenepa, husifiwa kwamba ametunzwa vizuri. Mawazo hayo mawili yakikutana huweza kumdhuru. Saratani ya matiti haikomi pamoja na hedhi, na unene katika umri huo huzidisha hatari yake.

Ugonjwa huu si mdogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nao, na wapatao 670,000 walikufa.

Mafuta ya mwili yafanyavyo

Tangu mwanamke avunje ungo mpaka akome hedhi, vifuko vyake vya mayai hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo hukuza matiti na kuutayarisha mwili kwa uzazi. Pia huzihimiza chembe za matiti zigawanyike, na kila zigawanyikapo huenda kosa likatokea. Makosa yakilimbikizana, huweza kuzuka chembe zinazokua bila kikomo; hiyo ndiyo saratani.

Kwa kawaida hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Hapo vifuko vya mayai huacha kazi yake, lakini estrojeni haiishi mwilini. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni za namna nyingine, na katika mafuta ya mwili kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi ambacho huzigeuza kuwa estrojeni. Hivyo mafuta yakizidi, estrojeni nayo huzidi. Tena unene huzidisha insulini katika damu, nayo huchochea chembe kukua.

Hesabu yake

Wataalamu hupima unene kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 64 hupata 25, na hapo ndipo uzito uliozidi huanza. Akifikia kilo 77 hupata 30, nao ndio mwanzo wa unene wa kupindukia. Tafiti nyingi zilizojumlishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kipimo hicho kikizidi kwa 5, hatari ya saratani ya matiti baada ya hedhi kukoma huzidi kwa asilimia 12 hivi.

Kabla ya hedhi kukoma mambo ni tofauti. Katika umri huo unene hauonekani kuzidisha hatari hiyo. Lakini kijana asijidanganye: wanawake wengi wa Afrika hupatwa na ugonjwa huu wangali na hedhi, na wembamba wamo pia. Umri, urithi wa ukoo na pombe vina sehemu yake. Kunyonyesha hupunguza hatari. Kwa sababu hiyo, mgonjwa asiambiwe kwamba amejitakia.

Yapasayo kutendwa

Mama anapowaachia watoto jembe na kukaa dukani, kazi ya mwili hupungua lakini sahani hubaki ile ile. Hapo kilo huanza kupanda. Haimpasi kujinyima chakula. Apunguze mafuta, sukari, soda na pombe. Azidishe mboga, kunde na matunda. Aendelee kutembea na kulima kadiri ya nguvu zake. Mkulima hakubali mazao yake yapokelewe bila kupimwa. Basi na mwili wake aupime zahanati mara kwa mara.

Aonapo uvimbe katika titi au kwapani, hata usiouma, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, aende zahanati upesi bila kungoja maumivu. Akihitaji matibabu makubwa atapelekwa hospitali ya rufaa. Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ni miongoni mwa zinazotibu saratani. Ugonjwa uliowahiwa hutibika vizuri zaidi kuliko uliokwisha kuenea.

Makatibu wa vyama wanao wajibu wao. Halmashauri yaweza kumwalika muuguzi wa zahanati aseme na wanachama, wake kwa waume, siku ya mkutano mkuu. Aidha, mwanachama anayetakiwa hospitali huhitaji nauli, na mara nyingi nauli hiyo imo katika malipo ya mazao aliyokwisha kuyakabidhi chamani. Fedha zikiwa zimefika, asizungushwe kwa njoo kesho. Kila mwezi anaocheleweshwa, ugonjwa hupata nafasi ya kuendelea.