Siagi Nyepesi au Mafuta ya Zeituni: Tupikie Nini?

Leo tunaingia jikoni.

Mama mmoja alinijia kliniki na mtoto wa miezi 10 ambaye uzito wake ulikuwa haujapanda kwa miezi miwili. Nilimuuliza anamlisha nini. Akanieleza kwamba baba ya watoto alipimwa, akaambiwa ana kolesteroli nyingi kwenye damu, na jirani akamshauri atupe mafuta yote ya kawaida, anunue siagi nyepesi au mafuta ya zeituni. Alinunua chupa ndogo ya zeituni. Kwa vile ilikuwa ghali, aliifungia kabatini iwe ya chakula cha baba peke yake. Watoto wakawa wanakula sukuma wiki ya kuchemsha kwa maji na chumvi, na uji wa yule mdogo hautiwi hata tone la mafuta.

"Sista, si mafuta ndiyo mabaya?" akaniuliza.

Tuanze na kile alichoambiwa na jirani. Siagi ninayosema hapa ni ile itokayo kwa maziwa ya ng'ombe, si majarini, ingawa dukani sisi huita zote siagi. Mafuta ya siagi kwa sehemu kubwa ni yale yanayoganda yakipoa, ambayo wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba. Haya, yakiliwa mengi, huongeza ile kolesteroli mbaya inayojenga ukoko ndani ya mishipa ya damu. Mshipa ukiziba kwenye moyo, mtu hupata mshtuko wa moyo. Ukiziba kichwani, hupata kiharusi.

Kijiko kikubwa cha siagi ya kawaida kina kama gramu 7 za mafuta yaliyoshiba. Siagi nyepesi ina karibu nusu ya hizo, gramu 3 na nusu hivi, kwa sababu mafuta yamepunguzwa na nafasi yake ikajazwa hasa maji. Kijiko kama hicho cha mafuta ya zeituni kina gramu 2 tu. Mengi yaliyobaki ni ya aina isiyoganda, ambayo husaidia kushusha kolesteroli mbaya yakichukua mahali pa siagi.

Kwa hiyo jirani hakukosea kabisa. Kama ni kupika kwa ajili ya moyo, zeituni inaishinda siagi nyepesi. Tena siagi nyepesi haipendi moto: yale maji hurukaruka kwenye sufuria, kitunguu kinachemka badala ya kukaangika, na mwishowe mpishi anaongeza kijiko cha pili. Sasa ile nusu uliyopunguza imerudi. Ukiipenda, ipake kwenye mkate, kwa wembamba.

Lakini kuwa mwangalifu na neno hilo "light". Kwenye siagi lina maana mafuta yamepunguzwa. Kwenye chupa ya zeituni lina maana ladha na rangi imepunguzwa, mafuta ni yale yale. Kijiko kikubwa kina kama kalori 120, iwe "light" au la, na mafuta mengine ya maji yana kiasi hicho hicho. Na ukiona chupa ya mafuta ya mimea imeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba haina kolesteroli, usilipe zaidi kwa sababu hiyo. Kolesteroli hutoka kwa wanyama. Ni kama kuandika kwenye pakiti ya unga wa mahindi kwamba haina miiba ya samaki.

Sifa za zeituni zina msingi. Mwaka 2013 watafiti wa Uhispania walitangaza matokeo ya watu zaidi ya 7,000 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo, na matokeo hayo yakapitiwa na kuchapishwa upya mwaka 2018. Waliokula mlo wa kwao pamoja na zeituni nyingi au njugu walipatwa na kiharusi kidogo kuliko wenzao. Lakini mlo huo ulikuwa pia na mboga, maharagwe, matunda na samaki. Sukuma, ndengu na omena ziko sokoni kwetu.

Sasa, mama, usiuze kuku ili ununue zeituni. Mafuta ya alizeti yana mafuta yaliyoshiba kidogo hata kuliko zeituni, na bei yake ni nafuu zaidi. Yanatosha kwa baba na kwa watoto, kutoka sufuria moja. Ya kupunguza ni mafuta ya kuganda ya mkebe, samli, na yale ya michikichi ambayo huanza kuganda chupani asubuhi za baridi ya Julai. Mafuta ya kupima nayo, yakiwa yamekaa juani kwenye chupa wazi ya kioski, huharibika, na vitamini A ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2012 iliagiza iongezwe huisha kwa mwanga. Chagua yaliyowekwa kivulini. Mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, mwaga.

Kisha pima. Wengi wetu tunainamisha chupa na kuhesabu kwa macho. Kwa mboga ya watu watano, vijiko viwili vikubwa vinatosha. Na mgonjwa aliyepewa vidonge vya kolesteroli au shinikizo la damu asiviache kwa sababu amebadilisha mafuta.

Narudi kwa yule mtoto, maana hapo ndipo niliposhtuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lilishauri mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula. Mwongozo huo ni wa watu wazima na watoto kuanzia miaka 2. Mtoto mchanga hayumo. Karibu nusu ya nguvu iliyo katika maziwa ya mama hutoka kwa mafuta. Tumbo lake ni dogo, ubongo unakua mbio, na uji mtupu humjaza kabla hajashiba.

Nilimwambia mama atie kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwenye bakuli la uji wa wimbi, aponde maharagwe au yai kwenye chakula cha mchana, na aendelee kunyonyesha. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta asimpe. Ile chupa ya zeituni aimalize na watu wote, kisha asinunue nyingine kama inambana.

Mwezi uliofuata mizani ilipanda gramu 300. Mama aliichukua kadi akaitazama mara mbili.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chumvi. Kwaherini.