Kikundi kinakua, nani atalipa?

Mmoja wetu aliuliza hapa: mbona vikundi vyetu vya mtandao vinaanza na moto, halafu vikifika watu elfu moja vinakufa ao vinapata mwenyewe? Nilimjibu kwa mistari miwili. Haikutosha, kwa hiyo leo naeleza kwa urefu, na nitatumia kikundi ninachokijua juu nilikuwa ndani tangu siku ya kwanza.

Tulikuwa watano, wote tumetoka fakulte ya kilimo. Tulifungua kikundi cha WhatsApp kwa ajili ya wakulima wa Kolwezi na Mutshatsha. Mtu anapiga picha ya jani la mahindi lenye matundu, anauliza, sisi tunajibu. Kiwavijeshi vamizi, yule mdudu aliyeonekana Afrika mwaka 2016, ndiye aliyetujazia kikundi. WhatsApp hairuhusu watu zaidi ya 1,024 katika kikundi kimoja, basi tukafungua cha pili, kisha cha tatu, na swali moja tukawa tunalijibu mara tatu. Mwisho tukakodi seva, tukajenga mahali petu wenyewe ambapo majibu yote yanakaa pamoja. Leo tuko karibu 3,500.

Hapo ndipo hesabu inaanza. Kwenye WhatsApp kila mtu analipa mega zake, hakuna anayeona gharama ya mwenzake. Ukikodi seva, mambo yanageuka: kila mara mtu anapofungua picha, seva yako ndiyo inaituma, na bili inakuja kwako. Picha ya simu za siku hizi inaweza kufika mega 3. Watu 5,000 wakiifungua, hiyo ni giga 15, kwa jani moja tu! Ipunguze mpaka kilobaiti 100 kabla ya kuiweka, na watu walewale 5,000 watakula nusu giga. Matundu yanaonekana vilevile. Na mkulima naye, mwenye kununua mega za siku moja moja, anatumia mara 30 chini ya zile za kwanza. Sisi tulilipa bili ya picha kubwa miezi minne, juu hakuna aliyefikiria kuzipima. Kabla ya kuomba pesa kwa mtu yeyote, fanya kwanza hiyo kazi.

Lakini mashine si ndiyo gharama kubwa. Angalieni Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia. Katika mwaka wa hesabu wa 2022–2023 lilitumia karibu dola milioni 169, na katika hizo, gharama ya kuweka tovuti hewani ilikuwa karibu milioni 3 tu. Mishahara peke yake ilipita nusu. (Kuna wanaosema pesa hiyo imezidi, na mimi niko karibu kuwa mmoja wao. Ila mafundisho yanabaki.)

Kwetu ilikuwa vilevile kwa kipimo kidogo. Seva ilituomba dola 40 kwa mwezi. Kilichotushinda ni usiku. Mtu anaingia saa nne ya usiku kuuza mbolea ya uongo. Mwingine anashauri wenzake wachanganye dawa mbili kwenye pampu moja, bila kipimo, bila hata kuvaa kitambaa mdomoni. Ushauri kama huo lazima uondolewe kabla ya asubuhi, juu asubuhi mtu anakwenda shambani nao. Mwenzetu aliyefanya kazi hiyo alipata kazi ya mgodini, akatuaga vizuri, na wiki tatu nzima hakuna aliyekuwa macho. Kikundi kikikua mara mbili, kazi ya kukesha haiongezeki mara mbili, inapita hapo, juu watu hawajuani tena na aibu inapungua.

Basi tulipochoka, kampuni moja ya migodi ya huku kwetu ilituma mtu wa huduma yake ya jamii. Dola 300 kila mwezi. Sharti: tuweke paka alama yao juu. Tulipiga kura, na mimi nilinyoosha mkono kukubali. Sitajificha nyuma ya wenzangu.

Mwezi wa tatu, mama mmoja mwenye bustani ya mboga alituma picha. Majani ya sombe, kingo zimeungua. Bustani iko kando ya kijito, na yeye alisema maji yalibadilika rangi nyuma ya mvua. Kwa kawaida tungemuuliza maswali siku hiyo hiyo mbele ya wote. Safari hii mmoja wetu aliandika kwenye kikundi chetu cha wasimamizi: "Ngojeni kwanza." Wote tukangoja. Hakuna mtu wa kampuni aliyetupigia simu, hakuna aliyetukataza, hata sijui kama walisoma. Tulijikataza sisi wenyewe, siku sita. Kumbe wakati huo mama alikuwa anaendelea kumwagilia bustani yote kwa maji yale yale.

Kama mtaalamu wa kilimo naweza kusema hivi: kingo za jani zinaweza kuungua kwa chumvi, kwa asidi, ao kwa mbolea nyingi. Bila kupima maji huwezi kumshitaki mtu, na mpaka leo maji yale hayajapimwa. Lakini kumwambia "Mama, acha kumwagilia kwanza" kulihitaji dakika mbili. Yeye aliandika mwishoni: "Wanangu, kama hamujui, museme hamujui."

Tukarudisha pesa ya mwezi ule na kuondoa alama.

Kuna watakaosema: pesa ya migodi ni yetu, mbona muirudishe? Ni kweli sheria ya migodi, ile iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Hiyo ni haki, na imewekewa chombo cha kuisimamia ambamo jamii nayo inakaa. Zile 300 hazikuwa haki. Zilikuwa zawadi, na zawadi inaweza kukatwa Jumatatu asubuhi bila mtu kueleza kitu.

Hata bila mfadhili, kukua kunaleta bili zingine. Tanzania, JamiiForums ilianzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi mwaka 2006, ikakua mpaka serikali ikaanza kuisoma kwa makini. Desemba 2016 Melo alikamatwa, baada ya kukataa kutoa habari za watu walioandika humo bila kutaja majina yao, na kesi zake ziliendelea mpaka 2020. Mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikaja na ada, ambazo jumla yake ilipita shilingi milioni 2 za Tanzania kwa mwaka wa kwanza. Mwezi Juni jukwaa lilifungwa kwa muda. Kwa hiyo katika daftari lako, pembeni ya seva na watu wa usiku, acha mstari wa wakili. Siku ya kuhitaji wakili si siku ya kuanza kuchanga.

Sasa tunafanya namna ya likelemba, tofauti ni kwamba chungu hakizunguki, kinabaki kwa kikundi. Franka 2,000 kwa mwezi, kwa anayetaka. Mara ya kwanza tulipotangaza, mtu aliuliza papo hapo: "Yaya, hii iko kama RAM?" Alikuwa na haki. Tangu Septemba 2020 tulikatwa inite kwenye simu zetu, hadi dola 7 kwa mwaka, bila kuulizwa, mpaka kodi ile ikaondolewa 2022. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunapiga picha ya daftari, kurasa zote, hata ile yenye makosa yaliyofutwa, na kuiweka wazi. Na pesa ndogo ndogo hazitumwi moja moja kwa simu, juu makato yatazila: kila mtaa uko na mtu mmoja anayekusanya mkononi, Manika wawili, kisha anatuma mara moja.

Anayelipa ni mmoja katika 20. Wengine wanasoma bure, na ndivyo tulivyotaka. Michango inafika dola 140. Tunahitaji 250: 40 za seva, 100 kwa kila mmoja wa watu wawili wa usiku, na 10 za mstari wa wakili. Kwa sasa tuko na mtu mmoja tu wa usiku, na analala saa saba. Tulijiwekea kanuni: hakuna mtoaji anayeruhusiwa kupita sehemu ya kumi ya bajeti, ili akiondoka tusitetemeke.

Wiki hii muuza mbegu mmoja ameandika. Anataka kutoa 100. Tumemjibu kwamba 25 tunapokea kwa mikono miwili, zaidi ya hapo hapana. Bado hajajibu.