Ng'ombe Aliyekataa Kuingia Bandani

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za Malaika. Malaika ni ng'ombe wa mama yangu huko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe haendi machungani. Majani humfuata bandani. Alfajiri moja ya masika alitolewa nje ili sakafu isafishwe. Aliporudishwa, akagoma mlangoni. Akavutwa, akasukumwa, akaonyeshwa pumba. Wapi!

Mama aliegemeza kiganja kwenye bati la ukuta. Akahisi kama sisimizi wanamtembelea vidoleni. Akaondoa mkono upesi, akaenda moja kwa moja nyumbani kuzima meni swichi.

Malaika alikuwa amejua kabla yake. Mama alivaa mabuti ya mpira, na mpira haupitishi umeme kirahisi. Ng'ombe alikuwa peku, kwato nne juu ya saruji iliyolowa maji na mkojo. Mshtuko ambao mtu mwenye viatu anausikia kama mwasho, ng'ombe unaweza kumuua.

Kosa lilikuwa wapi? Miaka miwili nyuma, mtu alivuta waya mwembamba kutoka jikoni, akaupitisha juu ya mparachichi, akauingiza bandani kwenye tundu la bati. Ukingo wa bati hukata kama kisu. Kila upepo ulipovuma, waya ulisuguka, hadi ngozi yake ya plastiki ikachanika na shaba ikagusa ukuta.

Umeme, wanangu, huenda na kurudi. Hutoka kwa waya mmoja, hupita kwenye taa, hurudi kwa waya wa pili. Ukipata njia nyingine ya kurudi, kupitia bati, miguu yenu na udongo, huifuata hiyo nayo. Kwa hiyo mkihisi kitu kinawasha mkono hivyo, msijaribu kugusa tena. Mwiteni mkubwa akazime.

Mama akaita fundi mwenye leseni. Jambo la kwanza alilodai ni jembe! Ulichimbwa mtaro wa kina cha sentimita 60 kutoka nyumbani hadi bandani, kebo nene yenye nyuzi za chuma ikalazwa juu ya mchanga, kisha utepe wa kuonya ukafukiwa juu yake, ili atakayelima siku moja auone kabla jembe halijafika kwenye kebo. Bandani, nyaya zilipita ndani ya mabomba ya plastiki ili panya asizifikie. Swichi iliwekwa juu, mbali na ulimi wa Malaika, maana ng'ombe hulamba kila kitu.

Kisha fundi akapigilia ardhini fimbo ndefu ya shaba. Kwenye fimbo hiyo akafunga waya wa kijani na njano, na mabati yote akayaunganisha nao. Huo ndio waya ninaoupenda kuliko yote. Unaweza kukaa miaka 20 bila kazi yoyote, ukingoja siku moja tu: siku umeme utakapovuja kwenye bati. Siku hiyo utaubeba umeme huo kwenda ardhini, usimngoje mtu au mnyama aubebe.

Karibu na meni swichi fundi akafunga kifaa kiitwacho RCD. Kazi yake ni kupima: umeme uliotoka, umerudi wote? Ukipungua kwa miliampia 30, kinakata papo hapo. Hebu tupige hesabu. Taa ya LED ya wati 9, kwenye umeme wetu wa volti 230, hutumia ampia 9 gawanya kwa 230, yaani karibu miliampia 39. Kifaa kile hukata kabla uvujaji haujatosha hata kuwasha taa ile ndogo. Kina kitufe cha kujaribia, na mama hukibonyeza kila mwezi.

Asubuhi ya kwanza baada ya kazi hiyo aliwasha taa mpya, Malaika akaingia mwenyewe. Mama akaosha kiwele, akakamulia matone ya mwanzo kwenye kikombe cheusi kama alivyofanya maisha yake yote, kwenye mwanga hafifu. Safari hii akainama, akatazama, akatazama tena. Juu ya weusi wa kikombe kulikuwa na vibonge vidogo vyeupe, dalili ya ugonjwa wa kiwele, vidogo mno kuonekana kwenye mwanga hafifu.

Kabla jua halijachomoza, alikuwa amekwishampigia simu daktari wa mifugo.