Simu ya Droo Iliyomaliza Ugomvi wa Bando

Kuna maneno matatu yaliyokaribia kuondoa amani nyumbani kwangu: "Niwashie hotspoti, mpenzi."

Tulipooana tulipanga chumba na sebule Sinza, Dar es Salaam. Mume wangu ndiye aliyekuwa na bando kubwa la mwezi, mimi najikongoja na ya siku. Nikitaka kutuma kazi ya ofisini usiku, namwomba yeye. Akienda kuangalia mpira, intaneti nayo inaondoka mfukoni mwake. Siku moja niko kwenye mkutano wa video na bosi, bwana akashuka dukani kununua mkate. Nikakatika hapo hapo! Aliporudi nikamwambia, "Ningejua nimeolewa na ruta, ningekutundika ukutani." Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Ukweli ni kwamba bando halikuwa tatizo. Nilikuwa nimechoka kuomba.

Dawa tuliikuta kwenye droo: simu yake ya zamani, kioo kimepasuka, spika imekufa, lakini inashika mtandao.

Inafanyaje kazi?

Ruta ndogo inayotumia laini hufanya mambo mawili: inapokea intaneti kutoka kwenye mnara wa simu, kisha inaigawa kwa waifai. Simu yako ya tachi inafanya yote hayo. Android ilianza kuja na hotspoti yake tangu toleo la 2.2, mwaka 2010. Kwa hiyo weka laini yenye bando, ingia kwenye setingi, washa hotspoti, weka paswedi ngumu. Ukiona kipengele cha kuzima hotspoti yenyewe pasipokuwa na mtu anayeitumia, kiondoe, la sivyo kila asubuhi utaanza upya. Angalia pia kama simu inashika 4G, maana ya 3G itawachosha kwenye video.

Iweke karibu na dirisha, pale mtandao unaposhika vizuri. Usiifiche nyuma ya friji, kuta na vyuma hupunguza nguvu ya waifai. Utamu mwingine ni huu: umeme ukikatika, ruta ya ukutani inazimika, lakini simu ina betri yake.

Futa kwanza, wapendanao

Hapa ndipo penye moto. Simu ya zamani ina mambo ya zamani: meseji, picha, majina usiyoyajua. Siku ile nilipoichaji ikawaka mkononi mwangu, shetani akaninong'oneza, "Fungua." Nikampa mwenyewe. Alitoa memori kadi, akaondoa akaunti yake ya Google, kisha akafuta kila kitu simu ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Usiruke hatua ya akaunti, simu inaweza kudai paswedi ambayo mmeshaisahau. Na dada yangu, kaka yangu, ya kabla yako yaache yaende na simu yake.

Simu iliyoacha kupata maboresho ya usalama isitumike kwa benki wala kwa laini yenye pesa zenu. Ibaki na kazi moja tu.

Betri haina utani

Hotspoti inachemsha simu, na joto ndilo adui wa betri. Vua kava, usiiweke kitandani wala juani. Isikae kwenye chaji usiku na mchana. Ichaji, ichomoe, au kama ina kipengele cha kuishia asilimia 80, kiwashe. Mkiona mgongo wake umevimba, acheni kuitumia siku hiyo hiyo, msiitoboe, mpelekeeni fundi anayejua.

Na pesa je?

Hotspoti haiongezi bando hata kidogo. Sisi tunachangia bando moja la mwezi, nusu kwa nusu, na tumezima simu zetu zisipakue video na maboresho ya programu zenyewe. Mgeni akiomba paswedi, anapewa na yeyote kati yetu.

Wala msione ni mambo ya kubana matumizi tu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, waliunganisha simu kuukuu zikawa kituo kidogo cha kuchakata data. Dunia inahitaji akili hiyo: mwaka 2022 ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na hata robo yake haikuthibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Jumamosi iliyopita mume wangu alitoka kwenda mpirani. Alisimama mlangoni kwa mazoea, akauliza, "Nikuachie hotspoti?" Nikamwonyesha dirishani, kale kasimu ka kioo kilichopasuka kanawaka taa. "Nenda tu baba, mimi niko hewani."

Hebu fungueni droo leo.