Rwenzori: Milima ya Uganda Yenye Maji ya Rangi ya Chai

Sisi wa Funyula, Kenya, twaijua Uganda ya Busia, Tororo na Jinja. Ukipita Fort Portal kuelekea Kasese, unaingia nchi nyingine kabisa. Hapo ndipo inapoinuka Rwenzori, mpakani na Kongo, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Ni milima ya mvua na ukungu, yenye barafu karibu kabisa na ikweta.

Mpandaji anayeanzia Nyakalengija huvuka msitu, kisha mianzi, kisha hufika vinamasi vya Bigo, ambako bila gambuti huendi popote. Nyasi huota mafungu mafungu juu ya tope jeusi, na lobelia zimemzidi mtu kimo. Tazama maji ya huko: ni maangavu, lakini rangi yake ni ya chai isiyo maziwa. Si uchafu. Ni kaboni ya majani na mizizi iliyokufa, imeyeyuka hata inapita kwenye chujio la matundu ya mikromita 0.45. Kwa baridi ile, na kwa kuwa maji yaliyotuama hayana hewa, mimea ikifa haiozi upesi. Hulundikana karne kwa karne, na mvua huendelea kuichuja.

Maji ya rangi hiyo yapo pia Alaska na Siberia: huko ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na theluji ikiyeyuka maji hayana pa kuzama. Hupita juu juu kwenye tabaka la mboji, na vijito hujaa kaboni. Rwenzori haina ardhi ya namna hiyo, ila joto limeifikia. Mwaka 1906, Dyuki wa Abruzzi kutoka Italia alipoipanda, barafu ilikuwa takriban kilomita za mraba 6.5, lakini kufikia 2003 haikutimia hata moja. Joto hilo likivikausha vinamasi, kaboni iliyohifadhiwa humo itapanda hewani kama gesi.

Mito Mubuku na Nyamwamba huingia Ziwa George, na maji yake hufika Ziwa Albert kupitia Ziwa Edward na mto Semliki. Maji ya mto wetu wa Sio nayo hufika huko huko, kupitia Ziwa Victoria na Jinja.

Uganda iliitenga Rwenzori kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na hilo ni jambo la kusifiwa. Nasi tuna kinamasi cha Sio-Siteko, tunachokimiliki pamoja na Waganda, nacho pia kina mabaki ya mimea chini ya mafunjo. Ndugu mnaolima kandokando yake, msiyachome mafunjo hayo, kaboni yake isije ikapanda hewani.