Kufundisha watoto juu ya pesa: tuanzie nyumbani na sokoni

Katika nyumba nyingi za kwetu pesa huzungumzwa kwa sauti ya chini. Baba na mama wanahesabu usiku, watoto wakiisha kulala. Asubuhi mtoto anaomba daftari, anajibiwa, “Hakuna pesa.” Jioni anaona kuku amechinjwa kwa ajili ya mgeni. Hakuna aliyemweleza kwamba kuku yule alitoka kijijini, wala kwamba pesa ya daftari imekwenda kwenye kodi ya nyumba. Basi anajitafutia maelezo mwenyewe: wazazi wananificha, au hawanipendi.

Ndugu wapendwa, jambo hili si dogo. Kijana asiyejua pesa ya kwao inatoka wapi na inakwenda wapi hushikwa upesi na mtu wa kwanza anayemwonyesha noti. Tunawajua wavulana walioacha masomo wakafuata dhahabu Kamituga au koltani Rubaya. Tunawajua wasichana waliopokea simu nzuri kutoka kwa mtu mzima, na baadaye wakadaiwa malipo ambayo hawakuyafikiri. Asiyejua bei ya unga nyumbani hatajua bei ya zawadi.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawataka wazazi wawafundishe watoto wao wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa njiani. Mambo ya pesa pia hufundishwa hivyo hivyo, katika kazi za kila siku.

Waambieni ukweli, kwa kipimo cha umri wao

Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kutumwa kununua chumvi kwa jirani na kurudisha pesa inayobaki. Asipigiwe kelele akikosea. Mhesabu pamoja naye, noti moja moja. Mtoto wa miaka kumi anaweza kwenda sokoni na mama, auliza bei mahali patatu kabla ya kununua, na atambue kama kipimo cha maharagwe kimejaa kweli.

Kijana wa miaka kumi na minne au zaidi apewe jukumu lenye uzito. Mpeni pesa ya makala ya juma nzima. Makala ikiisha siku ya nne, msikimbie kuongeza. Kaeni naye, mtafute pamoja ilikopotelea, na jamaa wote wale chakula kisichohitaji moto mwingi hadi juma liishe. Somo hilo halisahauliki.

Mwanzo wa mwaka wa masomo, wekeni mbele yake orodha yote. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure, lakini unifomu, viatu na madaftari bado vinanunuliwa, na sekondari ina gharama zake. Kijana anayeona orodha hiyo anaelewa kwa nini viatu vipya vitangoje. Katika Luka 14 Yesu anasema juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Watoto wetu watuone tumeketi.

Lakini kuna mpaka. Kueleza hali ya nyumba si kumtwika mtoto madeni yetu. Asiambiwe, “Ni wewe unatumaliza.” Wala asizungushwe na beseni la ndizi saa ambazo wenzake wako darasani. Kusaidia mama baada ya masomo kunamkomaza mtoto. Kuachishwa masomo kunamharibia kesho yake.

Mtaji si faida

Mama wengi wa makanisa yetu wanalisha nyumba kwa biashara ndogo. Hapo pana darasa zuri. Tuseme mama ametumia franka 20.000 kwa unga, sukari, mafuta na makala. Mandazi yote yameuzwa, ameshika franka 26.000. Mtoto ataona pesa nyingi. Mwulizeni: yetu ya kula ni ngapi? Ni 6.000 tu. Nyumba ikila 9.000 jioni hiyo, kesho mama ataanza na 17.000, na mandazi yatapungua. Ndiyo tunayoita kula kapitali. Mtoto akihesabu hivyo kwa siku chache mfululizo, ataelewa kwa nini mama anakataa kutoa pesa ingawa ameishika mkononi.

Dola, franka na simu

Watoto wetu wanakua kati ya pesa mbili. Bei inatajwa kwa dola, tunalipa kwa franka, na kiwango cha kubadilisha kinapanda na kushuka. Kijana atume macho yake: aulize kiwango cha siku kabla ya kulipa, na atazame dola anayopokea, kwa sababu noti yenye mpasuko mdogo tu huenda ikakataliwa.

Simu nayo imekuwa mfuko. Mwanzoni mwa mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma na Bukavu, watu wengi walibaki kutegemea simu, na kutoa pesa hiyo kulikuwa na gharama. Mara nyingi ni kijana anayemsomea bibi ujumbe. Afundishwe mambo matatu: namba ya siri haiambiwi mtu yeyote, hata mchungaji, mtu akipiga akisema ametuma pesa kwa kukosea, tazama kwanza salio kabla ya kurudisha kitu, na pesa ya bibi inatajwa kwa bibi yote, pamoja na makato.

Pesa ya mtoto ni ya mtoto

Hapa wazazi tusikilize vizuri. Mjomba amekuja, amempa mtoto franka 5.000. Mama anasema, “Leta nikuwekee.” Mtoto anatoa, na noti ile haionekani tena. Sisi tunasahau, mtoto hasahau. Amejifunza kwamba anayeweka akiba ni mjinga, na kwamba mkubwa anaweza kuchukua cha mdogo bila kujibu.

Tufikiri jinsi sisi wenyewe tunavyoweka akiba katika AVEC. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, ikaenea hadi vijiji vyetu. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unashikwa na mtu mwingine. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, na kila mmoja ana kitabu chake. Sisi watu wazima hatukubali mtu mmoja ashike funguo zote. Kwa nini tumtake mtoto akubali?

Basi, mtoto awe na kopo lake na daftari lake. Kama njaa imeingia na pesa yake inahitajiwa, mwombeni, mwandike deni, mtaje siku, na mlipe. Hata mkilipa kidogo kidogo, mtoto ataona kwamba neno la mzazi lina uzito. Na siku atakaposhika pesa ya kanisa au ya serikali, atakumbuka jinsi pesa ndogo ilivyoheshimiwa nyumbani. Luka 16 inaonyesha kwamba uaminifu katika kikubwa huanzia katika kidogo.

Akileta kitu kipya, ulizeni

Kijana akiingia na simu, viatu au noti ambazo hamkumpa, ulizeni kwa upole siku hiyo hiyo: kimetoka wapi, na aliyetoa anataka nini? Mzazi anayekula bila kuuliza amesema tayari kwamba njia yoyote ni nzuri. Mtoto aliyezoea kuzungumza nanyi juu ya chumvi na makala atazungumza pia juu ya hili.

Sadaka itoke kwake

Siku ya Mungu tunawapa watoto noti mlangoni, waitumbukize kikapuni. Wanajifunza kubeba, hawajifunzi kutoa. Aliyeuza mayai mawili ya kuku wake na akatenga sehemu, huyo ametoa. Tena tuache kupeleka kanisani noti iliyochakaa ambayo muuza duka ameikataa. Watoto wanatuona.

Juma hili

Chagueni jioni moja, mzime simu, mwulizane haya mbele ya watoto:

1. Juma hili pesa ya nyumba yetu ilitoka wapi, na ilikwenda wapi?
2. Ni jukumu gani la pesa tutakalompa kila mtoto, msichana sawasawa na mvulana?
3. Je, kuna mtoto tunayemdai uvumilivu wakati yeye anatudai pesa? Tutamlipa lini?

Kama jibu la swali la tatu ni ndiyo, tuanzie hapo.